Kichujio cha Sikio la Mama

Jumatatu, 3 Februari

Chai ya mama. Tangawizi nyingi, sukari kidogo. Shikamoo mama. Marahaba mwanangu. Umeamkaje. Salama, alhamdulillahi. Basi. Mazungumzo yetu ya siku nzima yamekwisha hapo.

Nikamuuliza atakunywa na mihogo au chapati. Kimya. Nikarudia. Anatazama kamba ya nguo uani kama vile inampa habari za mjini. Nikamwekea mihogo. Akainuka mwenyewe, akafunua kawa, akachukua chapati ya jana.

Saa nne akapita kaka yangu Nassoro, anarudi Msata na mzigo wa duka lake la vifaa vya ujenzi. Hajaingia hata ndani. Yuko barazani, hodi moja tu, kwa lile besi lake. Mama kageuka hapo hapo. Karibu baba, pita baba. Wakaongea mpaka chai ikapoa: mvua za Msata, saruji, mkewe, jino la mtoto. Mimi nikapitisha sinia la maji na kurudi jikoni.

Tangu nirudi nyumbani na talaka yangu na masanduku mawili, huu mwaka wa pili, mama hanisemeshi. Ananijibu salamu tu. Sababu naijua. Nimemtia aibu mtaani. Hiyo ndiyo adhabu, na anaitoa kwa kipimo kila asubuhi.

Namchukia siku za Nassoro kuliko siku nyingine.

Jumanne, 4 Februari

Chuoni. Somo linalofuata ni vichujio. Nafundisha sauti kwa kompyuta, kwa njia ya visanduku. Kila kisanduku kwenye kioo kina kazi yake, unaviunganisha kwa nyaya za kuchora, sauti inaingia juu na kutokea chini. Wanafunzi wanapenda kwa sababu hakuna kuandika. Wavivu wa kutupwa.

Nimejenga mchoro wa kulinganisha vichujio vinne. Cha kwanza kinapitisha sauti nzito, kinazuia nyembamba. Cha pili kinyume chake. Cha tatu kinapitisha mkanda wa katikati tu. Cha nne kinatoboa tundu hapo katikati na kuacha pembeni kote. Nimewaambia wafikirie chujio la chai na kifumbu cha nazi. Vyote vinachuja, lakini hebu chujia tui kwenye chujio la chai uone utakula nini. Wakacheka. Binti mmoja tu, wa Fukayosi, ndiye aliyewahi kushika kifumbu. Wengine wanakunywa tui la pakiti.

Sheria ya kulinganisha ni moja. Sauti ile ile ipite kwenye vichujio vyote. Ukibadilisha sauti, hulinganishi kitu, unajifurahisha. Nitarekodi salamu za asubuhi nyumbani, zina sauti mbili na maneno yanayojulikana. Kisanduku cha kuchezea nimekipanga kichukue chenyewe faili lililorekodiwa mwisho. Sitaki kuhangaika kutafuta faili mbele ya darasa.

Alhamisi, 6 Februari

Nimerekodi. Mimi na mama, salamu kamili, kompyuta juu ya meza ya chai. Hakuuliza ni nini.

Ofisini nikaipitisha kwenye kichujio cha kwanza, kile cha sauti nzito. Nikawa nateremsha taratibu ule mpaka wa kukatia sauti. Nikateremsha. Pahala fulani mimi nikapotea. Midundo ya maneno ipo, maneno hayapo. Kama mtu anayezungumza chini ya blanketi. Shikamoo yangu imebaki mgumio.

Nikachukua ujumbe wa sauti wa Nassoro kwenye simu, nikaupitisha kwenye kichujio kile kile, mpaka ule ule. Kila neno likatoka. Saruji, Msata, kesho, mke wangu. Kila neno.

Nikarudia zote mbili, jibu lile lile.

Sasa swali ni moja nami nitalijibu. Mama hanisikii, au hataki kunisikia? Kama masikio yamekufa upande wa sauti nyembamba, nimebeba kinyongo bure na nitabaki kumtunza mpaka mwisho. Kama ananipuuza, Nassoro amchukue Msata kabla ya mwezi wa Ramadhani. Nimeapa, na sitamwonea mtu haya.

Jumamosi, 8 Februari

Mama kwenye mkeka, ungo mapajani, anachagua mchele. Kanipa mgongo. Spika nimeificha nyuma ya pazia.

Nikaanza na mvumo mzito. Akainua kichwa, akauliza nani kawasha jenereta. Nikapandisha kidogo. Akageuza shingo. Nikapandisha. Halafu vidole vikaendelea na mchele. Nikapandisha mpaka mlio mwembamba kabisa, ule wa kuuma meno. Paka wa jirani karuka ukuta. Jirani mwenyewe kapiga kelele anauliza tunachinja nini. Mama kaokota jiwe, kalitupa pembeni, kaendelea.

Basi. Kiziwi. Nassoro anamsikia. Lori analisikia. Mimi, na sauti yangu hii ya chiriku, hanisikii.

Na salamu je? Rahisi. Salamu zetu zina mpangilio wake. Mtu akiinama mbele yako asubuhi na mdomo unatikisika, unajua kasema nini na unajua cha kujibu. Unaweza kupita mji mzima na pamba masikioni, na kila mtu akakusifia adabu.

Mtu mwema angelia. Mimi nilicheka, nikaenda kukaanga samaki.

Jumapili, 9 Februari

Nimefanya jambo.

Nimeingia na chai, nimeinama kama kawaida, tabasamu kama kawaida. Nikamwambia, kwa mahadhi yale yale ya shikamoo: kizee weye, bado hujafa?

Marahaba mwanangu.

Umeamka na roho mbaya yako ile ile?

Salama, alhamdulillahi.

Raha niliyoipata sijaipata tangu nitoke kwenye ile ndoa. Nilikwenda chooni nikaziba mdomo kwa kanga. Miaka miwili ya kimya, yote imenitoka kwa sentensi mbili. Dawa hii ningeijua mapema.

Jumatatu, 10 Februari

Somo limekwenda vizuri. Salamu yangu ya adabu, ile ya Alhamisi, ikapita vichujio vyote vinne mbele ya darasa. Binti wa Fukayosi akauliza kwa nini mimi napotea na mama yangu anabaki. Nikamwambia sauti ya mama ni nzito, ya uzee. Akauliza kama mama anajisikia mwenyewe akizungumza. Nikamwambia akae chini.

Asubuhi: Nimekupikia uji, unywe ukupalie. Akajibu: Nasi tunamshukuru Mungu.

Jumamosi, 15 Februari

Nassoro alikuja. Nikamwambia mama hasikii. Akacheka. Hasikii vipi, mbona mimi ananijibu hata nikiwa barazani? Nikamweleza kuhusu sauti nzito na nyembamba. Akanitazama vile watu wanavyomtazama mwanamke aliyeachwa akianza kusema mambo ya ajabu. Akaniambia nimezoea kulalamika. Mama ni mtu mzima, nimwongeleshe kwa upendo.

Kwa upendo! Bwana saruji huyu, anayekuja mara moja kwa wiki kula na kuondoka.

Nitamthibitishia. Mbele yake, kwa masikio ya mama mwenyewe. Nitatengeneza kichujio kitakachomfanya mama anisikie, na huyu bwana atakaa hapo kwenye kiti chake akiwa mdogo.

Jumanne, 18 Februari

Kazi nzuri. Lazima niseme, hata kama hakuna wa kuniambia.

Sikutaka kumjaribu mama ovyo, nisije nikamshtua kabla ya siku yenyewe. Nimejenga sikio lake. Kisanduku kimoja, nimekiandika MAMA, kinakata pale pale alipoacha kugeuka siku ya mchele. Sauti yoyote inayopita hapo naisikia kama anavyoisikia yeye. Halafu naweka vichujio kabla yake, kimoja kimoja, kwa salamu ile ile, nasikiliza nini kinafika.

Kwanza nikajaribu lile ambalo kila mjinga angejaribu. Kupandisha sauti nyembamba. Nikapandisha mpaka mita ikawa nyekundu. Hakuna. Unamwaga maji kwenye mtungi uliotoboka. Kichujio cha tundu ndio kabisa, kinaondoa hata kile kidogo alichonacho.

Kesho mkanda wa katikati.

Alhamisi, 20 Februari

Mkanda mwembamba: napiga filimbi, siongei. Kichujio kikibanwa sana kinaanza kulia chenyewe, kinasahau kuwa kimepewa sauti ya mtu. Mkanda mpana: umekuwa uji. Nimepanua, nimebana, nimesogeza wote upande wa chini, pale ambapo sikio lake bado lina uhai kidogo, nikaongeza nguvu hapo hapo tu.

Na nikasikia. Kutoka ndani ya sikio la mama, kwa mbali, lakini neno kwa neno: Shikamoo mama. Umeamkaje.

Nilikuwa sijui kama nina sauti ya namna ile. Inataka kujibiwa.

Halafu kuna aina mbili za kukijenga kichujio hicho hicho. Moja ni safi sana ila inachelewa, mdomo unatangulia na sauti inafuata. Nyingine ni chafu kidogo ila inatoka papo hapo. Kwa faili nimetumia ile safi. Ya haraka nimeihifadhi.

Asubuhi nilimwambia: Umezidi kunuka. Sijui kwa nini bado naendelea. Nimeshajua kwamba hasikii, kosa hana. Naendelea kwa sababu ni tamu.

Jumatano, 26 Februari

Ya leo ilikuwa tamu kupita zote, nikairekodi. Nimevaa kanga mpya, nimepiga goti kabisa, mkono kifuani.

Kizee weye, hujafa bado? Marahaba mwanangu. Nimechoka kukupikia, mwambie Mungu akuchukue. Salama, alhamdulillahi. Nassoro wako atakuzika kwenye saruji asije hata kukuombea dua. Nasi tunamshukuru Mungu.

Hapo katikati nilishindwa kujizuia, nikanyamaza kidogo nisicheke. Nimeisikiliza chuoni mlango ukiwa umefungwa. Mwanzoni nilicheka. Mara ya pili nikasikia jinsi anavyojibu, upole wake, nikafunga kompyuta.

Nassoro kapiga simu. Anakuja keshokutwa baada ya sala ya Ijumaa, tuvunje jungu pamoja kabla ya mwezi kuandama. Nimemwambia alete mbuzi, na awe tayari kuniomba radhi.

Ijumaa, 28 Februari

Naandika kabla sijalala.

Tumekula wote. Wali wa nazi, mbuzi wa Nassoro, samaki wa kupaka. Mama alikuwa na furaha, kavaa mtandio wa sikukuu. Baada ya kahawa nikaleta kompyuta na hedifoni. Mama akadhani anapimwa presha, akanyoosha mkono. Nassoro akacheka, nami nikacheka, tulikuwa familia. Nikamvalisha juu ya mtandio, nikairekebisha vizuri. Nassoro kasimama nyuma yangu anachungulia visanduku vyangu.

Nikabonyeza.

Salamu ya Alhamisi ile naijua umbo lake kwenye kioo. Vilima vifupi, mimi, yeye, mimi, yeye. Kilichoanza kuchorwa hakikuwa hicho. Kilima kirefu. Kisanduku kilikuwa kimechukua faili la mwisho, kama nilivyokipanga mwenyewe.

Kidole kilikuwa juu ya kitufe. Ningezima. Lakini Nassoro yuko begani kwangu, ningezima angeniuliza, angeomba tuanze upya, angetaka kusikiliza na yeye. Nikaacha. Niandike ilivyo: niliacha ipigwe mpaka mwisho ili kaka yangu asijue.

Mama mwanzoni uso ulimfunguka. Sijawahi kuuona vile. Alikuwa ameisikia sauti kabla ya kuyasikia maneno, akanitazama, akaweka mkono kifuani, akatabasamu kama mtu aliyefunguliwa mlango. Halafu maneno yakafika. Tabasamu lilikaa usoni kidogo, halina pa kwenda. Nikaona pale kwenye kioo mstari unalala, pale niliponyamaza nisicheke. Nikaona vilima vyake, anajibu marahaba, anajibu salama, anamshukuru Mungu. Anajisikia mwenyewe akijibu.

Kichujio kilifanya kazi barabara. Hakikupoteza neno.

Nassoro akamwuliza kwa sauti kubwa amesikia nini. Mama machozi yakamtoka.

"Sauti ya mwanangu," akasema.

Nassoro naye akalia, lijitu zima. Akampigia mkewe simu. Akaniambia nimsamehe, hakuniamini, Mungu anijaze kheri kwa nilichomfanyia mama. Ushindi wangu wote huo. Mama akavuta sinia akanipakulia chakula tena, nyama nzuri nzuri, kwa mkono wake. Hajanipakulia tangu nirudi. Nikala. Ningefanyaje?

Nassoro alipoondoka nilimkuta mama anasuuza vikombe vya kahawa. Hakunigeukia.

"Nilikuwa namwomba Mungu akurudishie sauti," akasema. "Amekurudishia."

Sikuelewa.

Jumamosi, 1 Machi

Sasa nimeelewa. Nassoro kapiga simu asubuhi, bado ana furaha, anaongea kama redio.

Kumbe mama hakujua kama ni masikio. Yeye alijua ni mimi. Tangu nirudi na talaka ananiona natikisa midomo na hakuna kinachotoka. Alimwambia Nassoro mwaka jana kwamba Zuhura sauti imemkauka kwa huzuni, ananong'ona tu, asisumbuliwe wala asiulizwe maswali, itarudi yenyewe. Nassoro akaona ni maneno ya kizee, hakuyatilia maanani, hata kuniambia hakuniambia. Mara kadhaa alitaka kumhamishia Msata. Mama akakataa. Zuhura atabaki na nani?

Nilimwambia Nassoro kuna mtu mlangoni, nikakata.

Miaka miwili tumekaa nyumba moja. Mimi nimemwadhibu kwa kuninyamazia. Yeye alikuwa ananinyamazia kwa huruma.

Na kiapo changu? Nilisema kama hasikii nitabaki. Hasikii. Nabaki. Mtu asiseme sikujibiwa swali langu.

Jioni watu walipita kuombana radhi, kesho tunafunga. Majirani, watoto wa majirani. Mama akawasamehe wote, akawaombea wote. Mimi nilikuwa nagawa maji. Ilipofika zamu yangu alikuwa ameinuka kwenda kutawadha.

Nimelifuta lile faili. Halina maana tena kulifuta, lakini nimelifuta.

Jumapili, 2 Machi

Hakuna chai leo. Mfungo wa kwanza. Nyumba imetulia, na jirani hajawasha redio.

Nimeondoa kisanduku cha faili kwenye mchoro. Nimeweka cha maiki mahali pake, na kichujio cha haraka, ile aina chafu kidogo, ili sauti itoke pamoja na mdomo. Nimejijaribu mwenyewe kupitia kisanduku cha MAMA. Naeleweka. Nimebadilisha jina la kisanduku, halafu nikalirudisha.

Alikuwa kwenye mkeka anachagua mchele wa kesho. Nikamwonyesha hedifoni. Aliitazama muda. Kisha akavua mtandio kidogo, akaniacha nimvalishe. Nywele zake zimekuwa chache, sikuwa nimeona. Nikapiga magoti mbele yake, maiki mkononi.

Shikamoo mama, nikasema. Naomba radhi yako, mama.

Alinisikia. Nyusi zilisogea. Vidole vilisimama juu ya ungo. Nilingoja, kwa sababu jibu lake huja lenyewe, lilikuja hata kwa yale niliyomwambia. Alinitazama machoni na hakusema kitu. Nikarudia, polepole zaidi. Kwenye kioo vilima vyangu vilipita, na baada yake mstari ukalala.

Akaivua hedifoni. Akakunja waya wake vizuri, duara juu ya duara, akaiweka kando ya ungo mahali isipoweza kukanyagwa. Akarudisha mtandio. Kisha akanitazama mdomo, akangoja.

Nikaweka maiki chini.

"Shikamoo mama."

Hapo hakusikia kitu.

"Marahaba," akasema, akavuta ungo, akaendelea kuchagua mchele.